Uzito wa Pikipiki katika Mwinuko wa Kitangari

Uwanda wa juu wa Makonde ni maskini wa mito. Mvua inyeshapo, maji huzama upesi katika udongo wa kichanga, kisha hutokeza chini, mabondeni. Kwa sababu hiyo wenyeji wa Newala tangu zamani waliteremka na kupanda kutafuta maji. Na kwa sababu hiyo hiyo maji ya Mitema, katika bonde la Kitangari, husukumwa kwa pampu hadi juu. Bomba lisipotoa maji, madumu hupanda mlima kwa njia nyingine, na siku hizi njia hiyo aghalabu ni pikipiki.

Katika nchi tajiri wako wenye pikipiki kubwa za safari, mathalani za Harley-Davidson, ambazo nyingi huzidi kilo 300. Wengi wao hutumia fedha nyingi kubadili vipuri: magurudumu ya alumini, mabomba ya moshi ya titani, betri za lithi zenye theluthi tu ya uzito wa betri za risasi. Je, dereva wa Kitangari, ambaye pikipiki yake ndiyo jembe lake, afuate mfano huo? Jibu linapatikana katika fizikia ya shule ya sekondari.

Hesabu ya mlima

Tuseme pikipiki ina kilo 120, dereva kilo 65, na madumu manne ya maji kilo 80. Jumla ni kilo 265. Nishati ya kuinua tungamo hilo mita 100 ni 265 × 9.8 × 100, yaani karibu jouli 260,000. Lita moja ya petroli ina takriban jouli milioni 32, lakini injini ndogo hugeuza kiasi cha sehemu moja kwa tano tu kuwa kazi. Zinazobaki hupotea kama joto. Basi kuinua mzigo huo hula mililita 41 hivi za petroli, mbali na zile zinazoliwa na mchanga, upepo na msuguano wa mashine yenyewe.

Sasa pikipiki ipunguzwe kilo 10. Nishati inayookolewa ni jouli 9,800, sawa na mililita moja na nusu ya petroli. Dereva akipanda mara kumi kwa siku, ataokoa vijiko vitatu vya chai. Ni dhahiri kwamba mwenye kununua vipuri vya bei kubwa kwa tamaa ya kuokoa petroli hatairudisha fedha yake.

Hata hivyo, wepesi una faida nyingine. Katika kuteremka na magunia ya korosho, nishati ile ile ya jouli 260,000 lazima iende mahali. Kama yote ingeingia katika kilo 2 za chuma cha breki, chuma hicho kingepanda joto kwa nyuzi 280 za Selsiasi hivi. Ndiyo maana dereva mwenye busara huteremka kwa gia ndogo, ili injini isaidie kuzuia. Kila kilo isiyo na kazi inayoondolewa ni nafuu kwa breki, kwa tairi na kwa springi.

Umbo hushinda madini

Kilo zisizo na kazi ziko wapi? Mara nyingi ziko nyuma ya dereva, katika keria. Mafundi wengi huiunda kwa nondo, kwa imani kwamba chuma kilichojaa ndicho imara. Imani hiyo haina budi kupimwa.

Kitu kinapopindwa, upande mmoja huvutwa na upande wa pili hubanwa, ilhali sehemu ya katikati karibu haifanyi kazi yo yote. Kwa hiyo chuma kilichoko mbali na kiini ndicho chenye faida. Linganisha nondo ya milimita 16 na bomba la chuma lenye kipenyo cha nje cha milimita 20 na ukuta wa milimita 2. Mita moja ya nondo ina kilo 1.58, mita moja ya bomba ina kilo 0.89. Bomba ni jepesi kwa asilimia 44, na papo hapo hukinza kupindwa kwa asilimia 44 zaidi. Keria yenye mita 5 za chuma hupungua karibu kilo 3.5, bila madini yo yote ya kigeni. Mwanzi umelijua jambo hili tangu kale.

Alumini nayo isipokelewe bila kufikiri. Uzito wake ni kama theluthi ya chuma, lakini ukakamavu wake nao ni kama theluthi. Fimbo ya alumini itakayopinda kiasi sawa na ya chuma lazima iwe nene zaidi. Hivyo uzito wake huwa karibu sehemu sita kwa kumi, wala si theluthi. Tena alumini huchoka kwa mitikisiko ya siku nyingi, na sproketi ya alumini huliwa upesi na mchanga.

Kwenye ringi ya gurudumu kuna jambo la pekee. Kilo iliyoko pale husonga mbele na papo hapo huzunguka. Kwa hiyo wakati wa kuongeza mwendo huhesabiwa kama kilo mbili. Lakini ringi ndiyo inayopokea mashimo ya barabara. Kupunguza spoki, au kutoboa fremu ili iwe nyepesi, ni kuuza uhai kwa gramu chache.

Jaribio la darasani

Wanafunzi waweza kuthibitisha haya. Chukua karatasi mbili zilizo sawa. Moja ikunje mara nyingi iwe utepe mwembamba. Ya pili izungushe iwe mrija, uifunge kwa gundi. Ziweke juu ya vitabu viwili vilivyoachana, kisha tundika katikati kopo na kulitia mchanga kidogo kidogo. Pima mchanga uliozipinda. Karatasi ni ile ile na uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni umbo. Kisha jarida la darasa lipelekwe kwa fundi wa keria aliye karibu, naye aulizwe maoni yake.