Tenda ya halmashauri unaweza kupata, ila piga hesabu kwanza

Wapambanaji wenzangu, mimi nauza steshenari. Nilikuwa najua tenda za serikali ni za wenye majina. Kumbe sheria inataka 30% ya manunuzi ya umma itengwe kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu.

Vijana watano tukasajili kikundi kupitia maendeleo ya jamii, tukajiunga na mfumo wa NeST, tenda zinakotangazwa. Tukapata kazi ya kupeleka karatasi na madaftari.

Kwa furaha nikachangia mtaji wote wa duka. Mzigo ukapokelewa vizuri, lakini hela ikaja baada ya miezi minne! Shelfu tupu, kodi ya fremu nadaiwa, wateja wamehamia kwa jirani.

Siku hizi nafanya hivi:

1. Tenda moja haili zaidi ya robo ya mtaji wangu.
2. Napanga bei nikijua malipo yanaweza kuchelewa.
3. Bila oda ya maandishi sipeleki mzigo. Nikishusha, karatasi ya mapokezi isainiwe na igongwe muhuri hapohapo.

Omba tenda, ni haki yako. Ila duka lisife kwa ajili yake.