Grini za kale zinazowashinda hata wenye nguvu

WENGI hudhani kwamba gofu ni mchezo wa kupiga mpira mbali. Hata hivyo, mashindano mengi huamuliwa kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye tundu na bendera. Baadhi ya grini zilizobuniwa zaidi ya karne moja iliyopita zingali zinawatoa jasho mabingwa.

Mojawapo ni Redan, katika shimo la 15 la uwanja wa North Berwick, Scotland. Jina hilo lilitokana na ngome ya Warusi mjini Sevastopol, ambayo wanajeshi wa Uingereza waliivamia mara mbili mwaka wa 1855 na kutimuliwa mara zote mbili.

Kama ngome hiyo, Redan haivamiwi moja kwa moja. Imekaa mshazari, na upande wake wa mbele kushoto unalindwa na handaki la mchanga. Aidha, ardhi yake inainama kuelekea nyuma, hivyo mpira uliorushwa moja kwa moja kwenye bendera huteleza na kuipita. Mchezaji mwerevu hulenga upande wa kulia, kisha akauachia mteremko kazi ya kuuviringisha mpira hadi karibu na tundu.

Msanifu wa Marekani, Charles Blair Macdonald, aliiga mbinu hiyo katika shimo la 4 la uwanja wa National Golf Links of America, jimboni New York, uliofunguliwa rasmi mwaka wa 1911.

Grini nyingine mashuhuri ni Eden, katika shimo la 11 la uwanja mkongwe wa St Andrews, Scotland. Hii inainama kutoka nyuma kuelekea mbele, na anayeupitisha mpira nyuma ya bendera hulazimika kuurudisha kwa kuuteremsha, jambo lililo gumu mno. Mwaka wa 1921, Bobby Jones wa Marekani, akiwa na umri wa miaka 19, alikwama katika handaki la mchanga kando ya grini hiyo, akauokota mpira bila kumaliza shimo. Alirejea mwaka wa 1927 akatwaa ubingwa wa Open uwanjani humo.

Siku hizi nyasi hukatwa fupi zaidi kuliko zamani, na mpira huenda kasi. Mteremko uliokuwa mtihani wa haki waweza kugeuka adhabu. Mwaka wa 2012, kazi ya kusawazisha sehemu ya grini ya Eden ilianza ili kupata mahali zaidi pa kuweka tundu. Hata hivyo, katika Open ya 2015, mchezo ulisimamishwa kwa zaidi ya saa 10 kwa sababu upepo ulikuwa ukiisukuma mipira iliyotulia kwenye grini za uwanja huo.

Hapo ndipo wasanifu hukuna vichwa. Wakiziacha grini hizo zilivyo, huenda mpira usitulie. Wakizisawazisha kupita kiasi, mwenye nguvu atapiga moja kwa moja kwenye bendera, na ngome itakuwa imeanguka.