Mwenyekiti, unawaona wanaokaa kimya? Mambo 5 ya kufanya kwenye kikao chako kijacho

Mwenyekiti anauliza, "Tumekubaliana?" Watu watatu wanajibu kwa sauti, "Ndiyo!" Katibu anaandika kwenye daftari: kuanzia sasa marejesho ya mkopo ni kila wiki, siyo kila mwezi. Kikao kinafungwa.

Mwezi haujaisha, wanachama wanne wameshachelewesha marejesho na mmoja anataka apewe hisa zake aondoke. Viongozi wanashangaa: mbona hawakusema?

Hali hii inavikuta vikundi vingi vya kuweka na kukopa, kamati za shule na hata ofisi. Wahenga walishasema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Kiongozi anayetaka kuongoza watu wote, siyo wale wenye sauti kubwa tu, anahitaji tabia mbili: kuwepo kikaoni kwa akili yake yote, na kutafakari kikao kikishaisha.

Kuwepo siyo kufika tu

Unaweza kuwa umekaa kwenye kiti cha mbele na bado haupo. Mkono mmoja uko kwenye simu. Mtu anaongea, wewe unatunga jibu kichwani. Au uamuzi umeshaufanya nyumbani, umekuja kuupitisha tu.

Wanachama wanaliona hilo haraka sana. Na wa kwanza kunyamaza ni yule ambaye tayari alikuwa na wasiwasi kuongea: mgeni kwenye kikundi, kijana mbele ya wazee, asiyejua kusoma, au mwenye deni.

Somo kutoka Mqhekezweni

Nelson Mandela alilelewa kijiji cha Mqhekezweni, Afrika Kusini, kwa Jongintaba Dalindyebo, aliyekuwa akishikilia utawala wa Wathembu. Katika kitabu chake cha Long Walk to Freedom cha mwaka 1994, anaeleza alivyokuwa akiangalia vikao vya pale.

Mlezi wake alifungua kikao kwa kuwashukuru waliofika na kueleza kwa nini amewaita. Baada ya hapo alinyamaza mpaka mwisho. Watu walimkosoa usoni naye akasikiliza bila kujitetea. Mwishoni ndipo alipokusanya yaliyosemwa na kutafuta walipokubaliana.

Huko ndiko kuwepo. Lakini Mandela anakiri pia jambo moja: wanawake hawakuwa na nafasi sawa kwenye vikao hivyo. Yaani hata kiongozi mwenye masikio mazuri namna ile alikuwa anasikia waliokuwa ndani ya duara tu.

Ndiyo maana tabia ya pili ni ya lazima. Ukiwepo vizuri unawaona waliokaa mbele yako. Ukitafakari ndipo unawakumbuka ambao hawapo kabisa.

Fedha zina kufuli, maneno je?

Vikundi vya kuweka na kukopa vya mtindo wa sanduku vilianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, kisha vikaenea Afrika nzima. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Halifunguliwi ila mbele ya wanachama. Ni utaratibu mzuri, hakuna mtu mmoja anayeweza kuamua peke yake kuhusu fedha za wote.

Tatizo ni kwamba maneno hayana kufuli. Watu wawili watatu wanaweza kuyachukua yote kikao kizima na hakuna anayehesabu. Kazi hiyo ya kuhesabu ni ya mwenyekiti.

Ufanye nini?

1. Kabla ya kikao, tulia dakika mbili. Weka simu kwenye mkoba. Jiulize: leo nataka ushauri au nataka kupewa baraka tu? Kama uamuzi umeshafanyika, waambie wazi. Kuwauliza watu jambo ambalo limeshaamuliwa kunawafundisha wasijibu tena.

2. Ongea wa mwisho. Hasa kwenye mambo ya fedha. Mwenyekiti akishasema "mimi naona hivi", wengi hawatampinga, kwa heshima au kwa woga.

3. Badilisha namna ya kuuliza. "Kuna mwenye swali?" huwa inajibiwa na walewale. Waache wakae wawili wawili waongee dakika tatu, kisha kila jozi itoe wazo moja. Kwa jambo zito, pigeni kura ya siri: punje ya hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana, kila mtu anatumbukiza yake chunguni. Hapo kijana hamvunjii mzee heshima, na asiyejua kuandika hakwami.

4. Angalia saa na mahali. Kikao cha saa kumi na mbili jioni kinamfungia nje mama anayepika chakula cha kuuza usiku. Chumba cha ghorofani kinamfungia nje anayetumia kiti cha magurudumu. Na lile jambo la mnyonge mara nyingi linasukumwa kwenye "mengineyo", wakati watu wameshashika mikoba yao. Lipandishe juu kwenye ajenda.

5. Baada ya kikao, chukua dakika kumi na daftari. Andika majibu ya maswali haya: Nani aliongea sana? Nani hakusema kitu? Nilimkata nani kauli? Nani hakuwepo na uamuzi huu unamgusa? Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu cha Tujisahihishe, na moja ya makosa aliyoyaonya ni kupima hoja kwa kuangalia nani kaisema. Kwa hiyo ongeza swali la tano: lile wazo nililolikataa leo, lingetoka kwa rafiki yangu ningelikataa?

Tafakari bila hatua haimsaidii mtu

Daftari likikuonyesha jina, mfuate mhusika kwa faragha kabla ya kikao kijacho. Usimwinue mbele ya watu kwa "mbona wewe husemi?", utamfunga mdomo kabisa. Muulize tu: "Lile jambo la juzi, kwako limekaaje?" Akikuambia halilipiki, lirudishe mezani. Kusema "hili tulilikimbiza, tulitazame upya" hakumshushi mwenyekiti.

Kujumuisha watu hakumaanishi kila mtu apate anachotaka, wala kikao kisiishe. Kuna siku utaamua kinyume na mtu. Lakini aliyesikilizwa akashindwa hurudi kikao kijacho. Asiyesikilizwa anachukua hisa zake anaondoka, na mara nyingi hakuagi.