Marekani 'iliipiga' Pearl Harbor karibu miaka 10 kabla ya Japan: Jeshi lake la majini lilipangwaje wakati wa amani?

Alfajiri ya Jumapili, 7 Februari 1932, ndege za kivita zipatazo 150 ziliivamia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii. Zilikuwa zimeruka kutoka kwenye meli mbili za kubeba ndege, Saratoga na Lexington. Walinzi walishtukizwa kabisa.

Hakuna aliyepigwa bomu siku hiyo. Yalikuwa mazoezi tu, na 'adui' mwenyewe alikuwa Mmarekani, Admirali Harry Yarnell. Lakini Jumapili ya 7 Desemba 1941 Japan ilifanya hivyo hivyo kwa mabomu ya kweli, na Wamarekani zaidi ya 2,400 wakauawa.

Sasa swali: jeshi lililoonyeshwa udhaifu wake mapema hivyo lilishtukizwaje tena? Sehemu ya jibu iko kwenye namna lilivyojipanga kati ya vita mbili kuu za dunia.

Pesa zilikuwa za shida

Vita ya Kwanza ilipoisha mwaka 1918, jeshi hilo lilikuwa na watu karibu nusu milioni. Haikupita miaka mingi wakabaki chini ya laki moja.

Mwaka 1922 Marekani, Uingereza, Japan, Ufaransa na Italia zilisaini mkataba wa Washington wa kuweka kikomo kwa manowari kubwa za mizinga. Marekani na Uingereza kila moja iliruhusiwa tani 525,000, Japan tani 315,000.

Kisha ukaja mdororo wa uchumi. Mwaka 1933 mishahara ilikatwa hadi asilimia 15, na karibu nusu ya wahitimu wa chuo cha Annapolis hawakupewa nafasi ya uofisa.

Meli zilipangwa kwa aina

Desemba 1922 meli za Atlantiki na Pasifiki ziliwekwa chini ya kamanda mmoja. Manowari zenye nguvu zaidi zilipelekwa California, kwa sababu Japan ndiyo iliyoonekana kuwa mpinzani wa baadaye. Kundi dogo la Asia, lililozunguka Ufilipino na China, lilibaki peke yake.

Cheo cha kamanda huyo kilifupishwa CINCUS. Tatizo ni kwamba kwa Kiingereza kinasikika kama 'tuzamishe'! Kilibadilishwa baada tu ya shambulio la Pearl Harbor.

Mwaka 1931 kundi hilo kuu liligawanywa upya katika vikosi vinne:

- Kikosi cha Mapigano: manowari kubwa za mizinga na meli za kuzisaidia
- Kikosi cha Upelelezi: meli nyepesi za kumtafuta adui
- Kikosi cha Nyambizi
- Kikosi cha huduma: ugavi na matengenezo

Ndani ya vikosi hivyo, meli za aina moja zilikaa pamoja chini ya ofisa mmoja. Manowari kubwa tatu au nne zilifanya divisheni moja.

Ni kama timu ya mpira: makipa wanafanya mazoezi na makipa, washambuliaji na washambuliaji, na siku ya mechi ndiyo wanachanganywa. Kwa mafunzo na matengenezo, mfumo huu ulikuwa nafuu na rahisi kuusimamia. Kasoro yake ni kwamba hiyo 'mechi' haikuchezwa mara nyingi.

Mashindano na ubaguzi

Ili wanamaji wasilale, meli zilishindanishwa kwa shabaha na kwa kubana mafuta. Washindi walichora herufi E kwenye meli yao, na wapiga mizinga bora walipata na zawadi ya pesa. Kwenye manowari New Mexico, ofisa kijana Hyman Rickover alibana hata joto na maji ili meli yake ishinde.

Lakini si kila mtu alipata nafasi. Weusi walifungiwa mlango wa kujiunga kwa zaidi ya miaka 10, na ulipofunguliwa mwaka 1932 waliruhusiwa kazi ya kuhudumia maofisa mezani tu. Mmoja wao alikuwa Doris Miller. Siku ya Pearl Harbor alishika bunduki ya kutungulia ndege ambayo hakuwahi kufundishwa kuitumia, na mwaka 1942 akatunukiwa nishani ya juu ya jeshi hilo.

Mtihani mkubwa

Mechi yenyewe ilikuwa mazoezi makubwa ambayo kwa kawaida yalifanyika mara moja kwa mwaka. Yalifanyika mara 21 kati ya 1923 na 1940. Mwaka 1929 ndege za Saratoga 'zilishambulia' Mfereji wa Panama bila kuzuiwa. Miaka mitatu baadaye, katika mazoezi mengine ya pamoja na jeshi la nchi kavu, ikaja zamu ya Yarnell.

Hata hivyo, tathmini ya 1932 ilisema shambulio kama hilo lingekuwa hatari kwa meli zinazobeba ndege endapo kungekuwa na ulinzi imara wa anga. Manowari za mizinga zikaendelea kuhesabiwa kuwa ndizo jeshi lenyewe.

Mwaka 1940, baada ya mazoezi ya mwisho, Rais Roosevelt aliamua meli zibaki Hawaii ili kuitisha Japan. Admirali James Richardson alipinga, akisema kituo hicho hakikuwa tayari. Februari 1941 akaondolewa.

Japan iliposhambulia, manowari kubwa nane za mizinga zilikuwa Pearl Harbor. Meli za kubeba ndege hazikuwepo. Ndizo zilizobaki salama, na Marekani ikalazimika kupigana kwa vikosi vya meli za aina mbalimbali vilivyozizunguka hizo. Yarnell alikuwa ameshaionyesha njia hiyo mwaka 1932.