Jamii ya Ziwani katika Hekaya ya Nyamgondho

Aghalabu hudhaniwa kwamba viumbe wa ulimwengu mwingine, wenye jamii na sheria zao, ni zao la bunilizi za kisayansi na michezo ya kompyuta. Fasihi simulizi ya Waluo, kuanzia Kisumu hadi Gwassi ufuoni mwa Ziwa Viktoria, yabainisha vingine. Nyamgondho, mvuvi fukara wa Gwassi, ananasa bikizee wavuni na kumwoa; mifugo tele yatoka majini kumfuata mkewe. Anapolewa na kumtusi kwa asili yake, mke arejea ziwani, na mifugo yote nyuma yake. Nyamgondho, ameegemea fimbo, ageuka mti. Sheria ya ziwani ni bayana: mali huandamana na heshima. Katika hekaya hii, anayepimwa utu si mgeni, bali mwenyeji.