Kuchapa Mitihani Iliyopita Nyumbani Bila Kumaliza Wino

Mtahiniwa, miezi ya mwisho kabla ya mtihani wa taifa ndiyo miezi ya kuchapa. Mitihani iliyopita imejaa kwenye simu yako, nyumbani kuna printa ndogo ya wino, na katriji inanunuliwa na mzazi ambaye bado ana ada na nauli za kulipa. Sehemu hii inaeleza namna ya kupunguza matumizi ya wino. Inaeleza pia mahali ambapo hupaswi kuupunguza, kwa sababu ukibana wino vibaya unaweza kupoteza alama.

1. Tafuta gharama ya ukurasa mmoja

Usilinganishe katriji kwa bei pekee. Gawanya bei kwa idadi ya kurasa zilizoandikwa kwenye boksi. Tuseme katriji A inauzwa shilingi 36,000 na hutoa kurasa 180, na katriji B inauzwa shilingi 60,000 na hutoa kurasa 400.

Katriji A: 36,000 ÷ 180 = shilingi 200 kwa ukurasa.
Katriji B: 60,000 ÷ 400 = shilingi 150 kwa ukurasa.

Katriji yenye bei kubwa ndiyo nafuu. Kumbuka kuwa idadi ya kurasa kwenye boksi hupatikana kwa kuchapa kurasa maalumu za majaribio. Ukichapa picha au michoro iliyojaa kivuli, hutafikia idadi hiyo. Ongeza bei ya karatasi, kisha linganisha na bei ya steshenari ya jirani. Kama steshenari ni nafuu, nenda huko.

2. Chagua cha kuchapa

Tuseme una masomo 7, mitihani ya miaka 10 kwa kila somo, na kila mtihani una kurasa 8. Hizo ni kurasa 560. Kwa katriji A, wino peke yake ni shilingi 112,000. Lakini mitihani mingi utaisoma tu ili kuona maswali yanavyoulizwa, na hiyo unaweza kuisomea kwenye skrini. Chapa ile utakayoifanya kwa saa, kama uko kwenye chumba cha mtihani. Ukichagua 3 kwa kila somo, unabaki na kurasa 168, yaani shilingi 33,600.

3. Weka kurasa mbili upande mmoja wa karatasi

Hapa tumia Hisabati yako ya maumbo yanayofanana. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Nusu yake, A5, ina milimita 148 kwa 210. Ukurasa wa A4 ukipunguzwa hadi A5, kila urefu huzidishwa kwa takribani 0.71. Eneo huzidishwa kwa mraba wa namba hiyo, yaani takribani 0.5. Kila herufi inafunika nusu ya eneo la mwanzo, kwa hiyo wino nao hupungua kwa karibu nusu. Shilingi 33,600 zinashuka hadi kama 16,800. Usiende hadi kurasa nne, maana utasoma kwa kukodoa macho.

4. Ramani isipunguzwe

Hapa ndipo wengi hukosea. Ramani ya 1:50,000 ikichapwa kwa ukubwa wake halisi, sentimita 1 ni mita 500. Ikipunguzwa kama tulivyofanya hapo juu, sentimita 1 huwa takribani mita 700, lakini maandishi "1:50,000" hayabadiliki. Utapima barabara kwa uzi, utakokotoa kwa usahihi, na jibu bado litakuwa si sahihi. Skeli ya mstari hupungua pamoja na ramani, kwa hiyo hiyo unaweza kuiamini. Njia salama ni kuchapa ramani kwa asilimia 100, hata kama wino utatumika zaidi. Fanya hivyo pia kwa mchoro wowote unaotakiwa kuupima kwa rula.

5. Rekebisha mipangilio

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapa, chagua ubora wa rasimu, ulioandikwa "Draft". Printa itatoa matone machache zaidi. Maandishi yatapauka kidogo lakini yatasomeka. Kwa maandishi matupu chagua pia rangi nyeusi pekee, kwa sababu baadhi ya printa huchanganya wino wa rangi ili kupata weusi.

6. Zuia wino unaopotea bila kuchapa

Wino hutoka kupitia matundu madogo sana kwenye kichwa cha printa. Ukikauka humo, matundu huziba, na kuyasafisha kunatumia wino uleule. Kwa hiyo:

(a) Zima printa kwa kitufe chake kabla ya kuzima umeme ukutani, ili kichwa kirudi mahali pake na kufunikwa.
(b) Chapa angalau ukurasa mmoja kila wiki.
(c) Safisha kichwa pale tu maandishi yanapotoka na mistari myeupe.
(d) Onyo la wino kupungua ni makadirio. Endelea mpaka maandishi yaanze kufifia, kisha acha.

Jipime

1. Katriji ya shilingi 45,000 hutoa kurasa 300. Tafuta gharama ya wino kwa ukurasa mmoja.
2. Ramani ya 1:50,000 imechapwa kwa asilimia 50. Sentimita 1 kwenye karatasi ni umbali gani ardhini?

Majibu: 1. Shilingi 150. 2. Kilometa 1.

Kama swali la pili limekushinda, rudia kipengele cha 4 kabla ya kuchapa ramani yoyote.