Kuungoja Mzaha Tunaoujua

Nyuma ya karakana ya seremala mmoja wa Mikindani, mahali ambapo upepo wa kusi hupita kwanza katika mikoko ndipo ukawafikia watu, ulikuwa umeegemezwa ukutani ubao wa mninga wa urefu wa dhiraa mbili, uliopigiliwa misumari isiyopungua mia kwa mistari iliyopindapinda, na mbele yake walikuwa wamechuchumaa watoto saba wasiosema neno, kwa kuwa fundi alikwisha kuwaapia kwamba yeyote atakayeuliza tena utakwisha lini atacheza wa mwisho. Zilisalia siku kumi na moja kufika Iddi. Mimi nilikuwa nimekwenda kuuliza habari za mlango wangu, nao niliuona palepale, haujapigwa hata randa, umefanywa kiegemeo cha ule ubao.

“Marahaba, mwalimu,” alinijibu fundi bila ya kunitazama. “Mlango wako hauna watu wanaoungoja. Huu wanao.”

Mchezo wenyewe, kwa asiyepata kuuona katika viwanja vya sikukuu, ni mwepesi kuuelewa: ubao huinamishwa kidogo, gololi husukumwa kwa kijiti kilichofungwa mpira wa tairi la baiskeli, ikapanda kwa ubavu wa kulia hadi juu, ikageuka, kisha ikateremka ikigonga msumari huu na kusukumwa na ule, hata mwisho ikatumbukia katika shimo lenye hesabu yake, na aghalabu shimo hilo si lile ulilolitamani. Ng'ambo ya bahari mchezo wa namna hii umekua ukawa mashine ya umeme iitwayo pinboli, nayo ndiyo iliyonifanya niketi pale barazani hata jua likapinduka, maadamu siku zile nilikuwa nikisoma habari za watu wa Ulaya na Marekani walioingoja mashine moja ya pinboli kwa miaka, kama jamaa wa baharia wanavyolitazama tanga.

Pinboli ni kabati lenye miguu minne na kioo juu, na chini ya kioo kuna uwanja ulioinama kiasi cha digrii 6 na nusu, ambamo huzunguka gololi ya chuma yenye uzito wa gramu 80 hivi. Kuna vinguzo vinavyoirusha gololi kila iguswapo, kuna njia za kupanda na kushuka, taa, kengele na sauti za watu. Na chini kabisa, mlangoni mwa shimo la hasara, kuna makafi mawili mafupi ambayo mchezaji huyaendesha kwa vifungo vya ubavuni, akiipiga gololi irudi juu kabla haijapotea. Anayejaribu kuitikisa mashine kupita kiasi ili aiokoe gololi yake huadhibiwa: taa huzimika, makafi hulegea, na mashine humtazama kimya kama mwalimu mkuu.

Asili ya yote hayo ni meza ya Kifaransa ya karne ya 18, ambayo mabwana wa makasri waliichezea kwa fimbo, mpaka mwaka 1871 Montague Redgrave, Mwingereza aliyekuwa akikaa Marekani, alipopata hataza ya kuirusha gololi kwa springi. Mwaka 1931 David Gottlieb wa Chicago akaitoa Baffle Ball, iliyochezwa kwa senti moja, nayo ikaenea katika nchi iliyokuwa imefilisika. Lakini makafi hayakuingia mpaka mwaka 1947, katika mashine ya Humpty Dumpty, na kabla ya hapo mchezaji alikuwa akiitupa gololi na kuiombea dua tu, kama watoto wa Mikindani. Kwa sababu hiyo mji wa New York uliupiga marufuku mchezo huo mwaka 1942, kwa hoja kwamba ni kamari. Wazee wetu wanaokunja uso wakipita mbele ya mashine za dubwi wangemfahamu vyema meya aliyeitoa amri ile. Ilipofika mwaka 1976, kijana mwandishi Roger Sharpe aliletwa mbele ya madiwani acheze, akatangaza kwamba gololi itapita njia ya katikati, akaivuta springi, nayo ikapita njia ya katikati; marufuku ikaondolewa.

Siku hizi mashine nyingi hujengwa juu ya hadithi ambayo watu wanaijua tayari, na hakuna zinazongojewa kwa shauku kama zile za filamu za kuchekesha. Mashuhuri kuliko zote ni ile ya The Addams Family, ya mwaka 1992, iliyosanifiwa na Pat Lawlor na kuuzwa 20,270. Katika filamu ile kuna mkono usio na mwili unaotembea nyumbani kama paka; na katika mashine, ukiifikisha gololi panapotakiwa, kisanduku hufunguka, mkono ukachomoza, ukaichukua gololi kwa sumaku na kwenda nayo ndani. Nani asiyecheka? Amecheka kwa sababu aliujua mkono huo kabla haujatoka.

Mashine niliyokuwa nikisoma habari zake ni ya The Big Lebowski, filamu ya ndugu Coen ya mwaka 1998, juu ya mvivu mmoja ambaye majahili walimvamia na kumkojolea zulia, wakidhani yeye ni tajiri aliye somo yake. Ilipotoka haikupata watazamaji wa kutajika. Baadaye ikapata wapenzi wanaoijua neno kwa neno, wanaokutana na kuvaa majoho ya kuogea kama shujaa wao. Katikati ya miaka ya 2010 kampuni ya Dutch Pinball ya Uholanzi ilitangaza kuitengenezea pinboli, yenye ndani yake njia ndogo ya kuviringishia mpira na kuangusha vigingi, mchezo aupendao yule mvivu. Watu walitoa fedha mapema. Zikatoka chache, ukazuka mzozo na kiwanda kilichokuwa kikiziunda, na wengi wakabaki na risiti zao miaka kadhaa, mfano wa mkulima wa korosho anayeondoka ghalani na stakabadhi mfukoni, mali yake ameiona ikipimwa na fedha bado anazisikia. Baadaye kazi ilifufuliwa, na mashine zikaanza kuwafikia wenyewe.

Nilipomsimulia fundi haya, hakushangazwa na subira yao wala na fedha yao. Alichotaka kujua ni kama zulia limo.

Hapo ndipo nilipong'amua wanachokingoja watu wale wa risiti. Hawangoji habari mpya, kwa kuwa filamu wameihifadhi moyoni. Wanangoja kuona kama mtengenezaji naye anaijua kama wao, na kama amekumbuka dhihaka ile ndogo ambayo mgeni angeipita.

Nasi tulikuwa na filamu ya namna hiyo, nikamwambia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Afrika Kusini ilipokuja Tanganyika kutengeneza filamu za Kiswahili, mojawapo iliitwa Muhogo Mchungu, ya kuchekesha, juu ya mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam. Na miongoni mwa waigizaji wake alikuwa kijana wa Songea, huko yanakoanzia maji ya Ruvuma yanayomwagika baharini hapa kwetu, aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu.

“Simba wa Vita?” fundi aliiweka nyundo chini, akimtaja Kawawa kwa lakabu yake. “Kuchekesha?”

“Kuchekesha, Fundi.”

Alikaa kimya kitambo, kisha akachukua chaki. Mashimo ya ubao wake yalikuwa na hesabu tu, kumi, ishirini, hamsini. Akazifuta kwa kiganja, na juu ya shimo la kwanza akaandika STESHENI, la pili SOKONI, la tatu TAPELI, na lile refu la chini kabisa, ambamo gololi zote zilizopotea hukusanyika, akaandika SHAMBA. Mtoto mmoja aliyekuwa akisoma kwa sauti, herufi baada ya herufi, alipofika hapo akacheka peke yake, ilhali filamu hiyo hata babu yake huenda hakuiona, kisha akawaeleza wenzake kwamba ukishindwa mjini unarudishwa kulima.

Fundi akaitoa gololi mfukoni ili aijaribu, mara moja tu, alisema. Ikapanda, ikageuka, ikagonga misumari kwa mlio wa mvua ya kwanza juu ya bati, ikaikosa Stesheni kwa unywele, kisha ikanasa kati ya misumari miwili juu ya Tapeli, isirudi wala isiendelee. Watoto saba wakapiga ukelele. Fundi akaniomba nimpe koleo, lililokuwa juu ya mlango wangu.